Shujaa Awe Nani, na Jalada Limwite Nani?

MCHORAJI: Mwalimu, swali hilo la kwa nini mashujaa wa katuni zetu si wanawake nimelisikia miaka mingi, na kila mara linaulizwa na mtu ambaye hajawahi kukaa chumbani na marobota ya matoleo yaliyorudi. Jarida la katuni linapelekwa mezani asubuhi, na kufika jioni ama limeuzwa ama limerudi. Sasa taja majina ambayo Mtanzania wa rika langu anayakumbuka kutoka jarida la Sani: Ndumilakuwili, Lodi Lofa, Kipepe, Pimbi, Madenge. Wanaume watupu, na huyo wa mwisho ni mtoto wa kiume mtundu. Waanzilishi wake, Saidi Bawji na Nicco ye Mbajo, hawakukaa kikao cha kuwafukuza wanawake. Walimwangalia mnunuzi, na mnunuzi alikuwa mwanamume mwenye fedha mfukoni anayesubiri basi.

MWALIMU: Wewe unahesabu fedha, mzee wangu, mimi nahesabu macho. Nakala ya Sani ilipoingia nyumbani kwetu ililetwa na kaka. Akaimaliza, akaitupa uvunguni, na hapo ndipo ilipoanza kusomwa kweli: dada, mimi, binamu yetu wa kike aliyekuja likizo, na mama aliyekuwa akiitafuta eti aiwashie moto. Mnunuzi mmoja wa kiume, wasomaji wanne wa kike. Mchapishaji akizipokea zile fedha anasema, "Tunasomwa na wanaume." Wanaume walilipa. Nani alisoma, hakuna aliyeuliza.

MCHORAJI: Na anayelipa ndiye anayeagiza.

MWALIMU: Ndiyo, lakini anaagiza kutoka kwenye kile alichowekewa. Kama kwa miaka arobaini umemwekea mlevi, mjanja, bosi na hawara wa bosi, usije kuniambia kwamba mlevi ndiye aliyechaguliwa na wananchi. Chakubanga wa Christian Gregory katika gazeti la Uhuru alikuwa na wanawake tele pembeni yake. Walikuwepo ili Chakubanga na wenzake wapate cha kukodolea macho. Katuni zetu hazikuwahi kukosa wanawake. Zilikosa wanawake wenye mipango yao.

MCHORAJI: Hilo la mipango nitalirudia, maana ndilo la maana kuliko yote uliyosema. Lakini kwanza muulize huyu kijana anayeuza. Yeye hana itikadi, ana meza.

MUUZA MAGAZETI: Mimi niko karibu na Mnara wa Saa hapa Arusha, mwalimu. Asubuhi nikishabana magazeti kwenye kamba, wanaokuja kusimama ni wanaume. Wanasoma vichwa vya habari bure, wanabishana mpira, mmoja katika kumi ananunua. Mwanamke hasimami. Ukimwona amesimama ujue anasubiri gari. Lakini msidhani wanawake hawanunui. Wakati magazeti ya udaku kama Ijumaa yanatoka kwa wingi, na hadithi za mfululizo za mwandishi Shigongo zikiwa ukurasa wa ndani, nilikuwa na kinamama wa saluni na wa vioski wanaomtuma mtoto na fedha mkononi: "Kaniletee Ijumaa." Hawakusimama mezani hata siku moja, na wiki wakikosa toleo, mtoto alirudi mara ya pili na ya tatu kuuliza.

MCHORAJI: Umesikia, mwalimu? Wananunua mapenzi. Wananunua nani kamwacha nani. Hakuna aliyemtuma mtoto akalete hadithi ya binti anayeruka ukuta na kuwakamata majambazi.

MWALIMU: Nimesikia kitu tofauti kabisa. Nimesikia kwamba kuna wasomaji wanaolipa, wenye uaminifu kuliko wale wanaosoma bure kwenye kamba, na kwamba meza ya magazeti haiwaoni kwa sababu hawawezi kusimama barabarani katikati ya wanaume wanaobishana bila kuangaliwa kama wametoka kutafuta kitu kingine. Mahali pa kuuzia ndipo palipomchagua msomaji. Na jambo hili si la Arusha peke yake. Marekani, mwaka 1947, Joe Simon na Jack Kirby, watu wale wale waliomchora Captain America, walianzisha jarida la katuni za mapenzi liitwalo Young Romance. Wasichana na akina mama wakalinunua kwa wingi, na wachapishaji wengine wakaiga mbio mbio. Kwa hiyo msichana alikuwepo, tena na fedha yake. Mwaka 1954 wachapishaji wakajiwekea kanuni za maadili zilizozifanya hadithi hizo kuwa baridi kama uji wa jana, na kufika 1975 Young Romance lenyewe likafa. Baadaye katuni zikahamia kwenye maduka maalumu yaliyokuwa vijiwe vya wavulana. Kisha watu wakaanza kusema kwa uhakika kabisa kwamba wasichana kwa asili yao hawapendi katuni.

MCHORAJI: Sikatai historia ya Marekani. Lakini mimi sichori Marekani, nachora mahali ambapo karatasi ni ghali na toleo likirudi mara mbili mchapishaji anafunga. Na tunaye mhusika wa kike aliyepewa kila kitu ambacho wangu walinyimwa: wasanii wazuri, watafiti, uchapaji wa rangi, magari ya kusambaza. Sara wa UNICEF. Miaka ya 1990 alipelekwa nchi kumi za Mashariki na Kusini mwa Afrika, kwa vitabu, filamu na redio. Kila hadithi ilijaribiwa kwa wasomaji kabla haijachapwa. Haya, nenda kijiweni Ngarenaro sasa hivi umuulize mtu, "Lodi Lofa ni nani?" Atacheka na kukuonyesha jirani yake. Muulize, "Sara ni nani?" Atafikiri unamtafuta dada mmoja wa mtaani.

MWALIMU: Kijiweni. Tena umenipeleka kijiweni kwenda kupima kumbukumbu za wasichana.

MCHORAJI: Basi nakupeleka darasani kwako. Wanafunzi wako wanamtaja?

MWALIMU: Wa leo hapana, vitabu vyenyewe vimekwisha kuchakaa. Lakini nilipoanza kazi, huku upande wa Usa River, tulikuwa navyo kwenye kabati. Kuna kile ambacho Sara na wenzake wanakabiliana na ukeketaji. Wewe unajua tuko wapi. Ukitoka hapa mjini unazungukwa na jamii ambazo kisu hicho kilikuwa ni sherehe, ni ng'ombe na ni heshima ya ukoo. Sheria ya kuwalinda wasichana wa chini ya miaka kumi na minane ilipitishwa mwaka 1998, na sheria haikuingia bomani kwa miguu yake. Kile kitabu kiliingia. Wasichana walikibeba ndani ya sketi. Na wavulana walikiomba pia, kwa sababu ya yule nyani Zingo na kwa sababu kulikuwa na kufukuzana. Kwa hiyo lile neno kwamba mvulana hasomi hadithi ya msichana, kwenye kabati langu halikuwa kweli.

MCHORAJI: Sijasema Sara hakusaidia. Aliyesalimika kwa kitabu, nakiheshimu kitabu chake. Ninachosema ni hiki: Sara hakosei. Anakatazwa shule, anatafuta njia. Rafiki yake anaharibiwa, anamwokoa. Mwanamume mwenye fedha anategesha mtego, anauona. Kila ukurasa unajua kabla hujafungua kwamba binti yule atafanya lililo sahihi, kwa sababu ndicho kilicholipiwa. Mhusika anayependwa na watu ni yule unayeogopa atafanya nini. Ndumilakuwili anakuangalia usoni na kukudanganya, na unataka kumpiga, na Jumamosi unamtafuta tena. Ninyi mnaodai mashujaa wa kike mnanidai walimu waliovaa sketi za shule. Mnaniomba nichore somo, halafu mnashangaa kwa nini halinunuliwi.

MWALIMU: Hapo umenishika, na sitajitoa. Ni kweli.

MCHORAJI: Andika hiyo, kijana.

MWALIMU: Ngoja, sijamaliza. Ni kweli kwamba Sara hakuruhusiwa kukosea. Lakini jiulize kwa nini. Wanaume wa Sani walipewa uhuru wa kuwa waongo, walafi, wavivu na waoga, na bado wakaitwa wetu. Hakuna aliyesema, "Lodi Lofa anawatukana wanaume wa Tanzania." Mwanamke akiingia kwenye fremu ana milango miwili tu: awe fundisho au awe kishawishi. Akiwa wa wafadhili, ni malaika. Akiwa wa mtaani, ni makalio. Mimi sitaki malaika wa pili, mzee. Nataka tapeli.

MCHORAJI: Tapeli wa kike?

MWALIMU: Mwanamke mjanja, mwenye tamaa, anayekosea vibaya, na ambaye tutamtafuta tena Jumamosi.

MCHORAJI: Basi nikwambie. Ninaye kwenye daftari muda mrefu. Ni mama anayeuza mitumba soko la Kilombero, na ni mweka hazina wa kikoba. Sanduku la kikoba lina funguo tatu kwa watu watatu, na yeye siku zote anajua njia ya nne. Anakopesha fedha za kikoba kwa watu wasio wanachama, anazirudisha usiku wa kuamkia kikao, wakati mwingine zinapungua na anazua msiba wa shangazi. Ni mkarimu. Ni mwongo. Anampenda mtoto wake wa kike kupita kiasi na anamlea vibaya. Nimemchora kurasa kadhaa, na sijamwonyesha mhariri hata mmoja.

MWALIMU: Kwa nini?

MCHORAJI: Kwa sababu yako.

MWALIMU: Yangu?

MCHORAJI: Yako na ya wenzako. Siku anatoka, simu ya kwanza itapigwa na mtu anayesema nawadhalilisha akina mama wajasiriamali, wakati vikoba vimewakomboa. Ya pili itatoka kwa mtu wa dini. Ya tatu kwa mwalimu anayeuliza mtoto wa kike atajifunza nini hapa. Huo uhuru wa kukosea unaoudai, mtu wa kwanza kumnyang'anya mwanamke ni yule anayemtetea. Riwaya ya Rosa Mistika ya Kezilahabi ilitoka mwaka 1971. Jina la mhusika wa kike juu ya jalada, na maisha yake ndani bila kupakwa rangi. Shule zikaifanyaje? Ikapigwa marufuku. Miaka ikapita ndipo ikaanza kusomwa darasani. Vijana wa kiume na wa kike walikuwa wameisoma siku zote kwa kificho. Kwa hiyo msomaji wa hadithi ya mwanamke asiye malaika tulikuwa naye, wa jinsia zote mbili. Waliomzuia ni walezi.

MWALIMU: Siwezi kusema hilo ni uongo. Nimekaa kwenye vikao vya kuchagua vitabu vya maktaba na najua mkono unavyoinuliwa. Huyo mama wa kikoba ningempigania. Ningeshindwa, labda, lakini ningempigania. Ila na mimi nina sharti kwako, na hili hutalipenda. Umemchoraje?

MCHORAJI: Kivipi?

MWALIMU: Mwili wake.

MCHORAJI: Ni mama wa soko. Nimemchora mama wa soko.

MWALIMU: Fremu ngapi anaonekana kwa nyuma? Maana mkono wa mchoraji una mazoea. Ukimchora mwanamume anainama kuokota ufunguo, tunaona ufunguo. Akiinama mwanamke, ufunguo unapotea. Mtu anasema ni utani, na msomaji wa kike anajua kwamba utani huo haukumhesabu yeye miongoni mwa wanaocheka. Hapo ndipo unapompoteza mnunuzi wako. Anafunga jarida, hata barua ya malalamiko haandiki.

MCHORAJI: Mwalimu, ucheshi wa katuni unatia chumvi kila kitu. Kitambi cha bosi, pua ya askari, miguu ya yule Kingo wa mchoraji Gayo. Ukinizuia kutia chumvi kwenye mwili wa mwanamke peke yake, umemtoa kwenye ucheshi kabisa, na tumerudi kwa malaika.

MWALIMU: Kitambi cha bosi kinasema jambo juu ya bosi: anakula. Makalio ya katibu wake yanasema jambo juu ya anayeangalia. Tofauti hiyo unaijua, wewe ni fundi. Na nitasema jambo zito zaidi, kwa sababu tuko Arusha na mji huu ulilisikia mahakamani. Tarehe 3 Desemba 2003, Mahakama ya Kimataifa ya Jinai kwa ajili ya Rwanda, pale kwenye jengo la AICC, ilitoa hukumu ya kesi ya vyombo vya habari. Mmoja wa washtakiwa watatu, Hassan Ngeze, alikuwa mhariri wa Kangura, na gazeti lile lilichapa katuni. Majaji walisema Kangura na redio RTLM zilimwonyesha mwanamke wa Kitutsi mara kwa mara kama mrembo wa kunasa wanaume kwa niaba ya adui, na kwamba kushambuliwa kwake kingono lilikuwa jambo ambalo mtu angeweza kuliona linakuja kutokana na picha hiyo. Kabla ya hapo, Septemba 1998, mahakama hiyo hiyo katika kesi ya mshtakiwa Akayesu ilikuwa imeshaamua kwamba ubakaji unaweza kuwa tendo la mauaji ya kimbari. Ni mji huu, mzee. Ni dakika chache kwa miguu kutoka Mnara wa Saa.

MCHORAJI: Hapana. Hapa nasimama. Usinilinganishe na Kangura.

MWALIMU: Sijakulinganisha.

MCHORAJI: Umenilinganisha. Umeniweka kwenye sentensi moja nao. Mimi na wenzangu tulichora vichekesho vya watu wanaokimbia madeni na wanaodanganya wake zao. Gazeti lile liliita kabila zima adui na likawa sehemu ya mashine ya kuua. Hata hukumu ile rufaa iliipunguza mwaka 2007, kwa sababu majaji wenyewe walijua lazima utenganishe maneno na tendo, na tarehe na tarehe. Wewe unataka kutoka kwenye sketi fupi ya Chakubanga mpaka mauaji ya kimbari kwa pumzi moja. Ukimtisha mchoraji hivyo, hatachora mwanamke bora. Hatachora mwanamke.

MWALIMU: Nakupa haki yako: nia zenu hazikuwa zao, na nchi yetu haikuwa nchi ile. Sikusema mchoro wa hawara wa bosi unaua. Nilichokitoa kwenye hukumu ile ni kidogo kuliko unavyodhani. Ni kwamba mahakama nzima ilikaa ikatazama michoro na maandishi na ikakubali kwamba namna ya kumwonyesha mwanamke inarudiwa, inazoeleka, na mwisho inawaambia watu nini kinaruhusiwa kumfanyia. Wachoraji ndio mnaojua kuliko wote nguvu ya kurudia. Mhusika mnamjenga kwa kumrudia. Basi msiniambie kwamba kurudia kuna nguvu kwa Kipepe lakini kwa mwanamke wa pembeni ni utani tu.

MCHORAJI: …Hilo la kurudia nalikubali. Hilo moja.

MUUZA MAGAZETI: Mzee, na mimi niulize. Wewe kila wiki unachora wanawake. Mabango ya saluni nusu ya Sakina na Ngarenaro ni ya mkono wako.

MCHORAJI: Hiyo ni kazi ya mkate.

MUUZA MAGAZETI: Lakini wale kinamama wanakuchagua wewe, hawamchagui mwingine.

MCHORAJI: Kwa sababu sikosei msuko. Ukichora twende kilioni ikakaa kama rasta, mteja anakuja kukuita nje mbele za watu. Wanajua kila mstari wa kichwa. Wananisahihisha: "Hapa nywele zinaanza mbali mno, umenizeesha." Hakuna mhariri aliyewahi kunikagua hivyo.

MWALIMU: Basi umejijibu. Unao wasomaji wa kike wakali kuliko mhariri yeyote, wanakulipa, na wanaitazama kazi yako mwaka mzima imesimama mlangoni kwao. Ukifika kwenye katuni unasema hawapo.

MCHORAJI: Bango halina hadithi.

MWALIMU: Halijapewa. Na kama ni habari ya mkono wa nani unachora kwa nani, hata hiyo si ukuta. Hawa vijana wetu wa kiume wanaokesha na katuni za Kijapani kwenye simu, waulize nani kaandika Inuyasha. Rumiko Takahashi, mwanamke, amechora kwenye jarida la wavulana tangu 1978. Aliyetunga Fullmetal Alchemist naye ni mwanamke, Arakawa, aliyejipa jina la kalamu linalosikika la kiume, Hiromu. Wavulana hao hawakuuliza jinsia ya kalamu. Walifuata hadithi.

MCHORAJI: Ambaye alibadilisha jina ili afuatwe. Huo mfano unanisaidia mimi zaidi yako.

MWALIMU: Unatusaidia sote wawili. Mimi unaniambia kipaji hakikuwa tatizo. Wewe unakuambia hofu ya wachapishaji ilikuwa ya kweli.

MUUZA MAGAZETI: Mnasahau neno moja: bure. Sara alikuwa bure. Jarida la Fema lilikuwa linaletwa mashuleni bure. Katuni ya Shujaaz ilipotoka Kenya 2010, na baadaye ikaja huku, ilikuwa bure pia, kule kwao watu waliichukua mpaka kwa mawakala wa M-Pesa. Na ndani yake wasichana wapo, akina Maria Kim na Malkia. Wameandikwa vizuri, wana matatizo ya kweli, fedha, wavulana. Kwa hiyo mimi naona hivi: wasichana wamepewa katuni pale ambapo hakuna anayenunua. Pale penye kununua hawajajaribiwa. Sasa mimi nitasemaje hawauzi, wakati sijawahi kupewa wa kuuza?

MCHORAJI: Lakini katika Shujaaz hiyo, kijana Boyie ndiye mwenye redio. Wasichana wamemzunguka. Hata huko kwa wafadhili, kijana wa kiume ndiye aliyeshika kipaza sauti.

MWALIMU: Sasa nani anabishana na nani hapa?

MCHORAJI: Nabishana na uvivu, popote ulipo. Huku kwenye runinga shirika la Ubongo limemweka Akili, mtoto wa kike wa miaka minne chini ya Kilimanjaro, na hakuna mzazi aliyemwambia mtoto wake wa kiume asimtazame. Nimeliona hilo. Watoto wadogo hawana shida. Shida inaanza wapi, mimi nadhani ni pale hadithi inapopata uzito: kesi, vita, siasa. Na hapo nina mradi unaonikosesha usingizi, ambao madai yako yote yanaukwamisha. Nataka kuchora kesi ya ardhi ya Wameru.

MWALIMU: Mradi mzuri. Unakwamaje?

MCHORAJI: Novemba 1951, serikali ya kikoloni iliwahamisha Wameru wapatao 3,000 kutoka Engare Nanyuki ili ardhi ipewe walowezi wa Kizungu wafuge ng'ombe. Nyumba zikachomwa. Mwaka 1952 Kirilo Japhet akaenda New York, akasimama mbele ya Umoja wa Mataifa, pamoja na wakili Earle Seaton. Mwafrika kutoka mlima huu anaishtaki himaya mbele ya dunia. Hadithi ya picha iko pale imekamilika: safari, majengo marefu, ukumbi, mtu mmoja. Ninaye mhusika mkuu na ana jina. Sasa nimwondoe nimweke mama ambaye historia haikumwandika, ili nipate msomaji wa kike? Huo utakuwa uongo, na uongo juu ya watu ambao wajukuu zao wananisalimia Tengeru siku ya soko.

MWALIMU: Hakuna aliyesema umwondoe Kirilo. Ninakuuliza hadithi inaanzia wapi. Ukianzia safarini, ni hadithi ya msafiri. Ukianzia Engare Nanyuki usiku wa kabla ya kuchomwa, nyumba ina watu ndani, na wengi wao ni wanawake na watoto. Nani aliamua kipi kibebwe na kipi kiachwe? Nani alijua ng'ombe yupi ana mimba? New York ilikuwa matokeo ya usiku huo.

MCHORAJI: Sina jina lake wala neno lake. Kirilo na Seaton waliandika kitabu, kilitoka 1967, nina maneno ya kushika. Kwa mama huyo nitatunga kila kitu.

MWALIMU: Na yule askari atakayeshika kibiriti kwenye fremu yako ya tatu, una jina lake?

MCHORAJI: Askari ni wa kupita.

MWALIMU: Utampa sura, utampa kofia, utampa amri ya kupiga kelele kwenye kiputo cha maneno. Umemtunga bila kuombwa cheti chake cha kuzaliwa. Cheti unakidai kwa mwanamke tu.

MCHORAJI: Kwa sababu mhusika mkuu anaamua mambo, mwalimu! Askari wa kupita akikosewa hakuna kilichopotea. Nikimtunga mwanamke akaamua jambo ndani ya kesi ya kweli, mtoto atakwenda kuliandika kwenye mtihani kama historia. Wewe ndiye utakayemsahihishia.

MWALIMU: Basi usitunge. Panda mlimani ukaulize. Aliyekuwa na miaka kumi mwaka ule sasa yuko themanini na kitu, na wako walio hai. Hakuna aliyewafuata na kalamu kwa sababu kila mwandishi aliyepanda alikuwa anamtafuta Kirilo.

MCHORAJI: Nitapanda. Lakini nisikilize vizuri: bibi huyo akiniambia kwamba baba yake ndiye aliyeamua kila kitu na yeye kazi yake ilikuwa kubeba ndama, nitachora hivyo hivyo. Sitampa ushujaa wa kuazima.

MWALIMU: Mchore amebeba ndama. Ila fremu iwe ya kwake: tuone moto kutoka alipokuwa yeye, na kofia za askari kwa kimo cha mtoto wa miaka kumi. Halafu Kirilo aje baadaye, mtu mzima mmoja kati ya watu wazima waliokuwa wakinong'onezana fedha za nauli.

MCHORAJI: Ukianza hivyo, yule mwanamume wa asubuhi pale mezani hafiki New York. Atakuwa ameshaifunga.

MUUZA MAGAZETI: Niletee nakala hamsini. Thelathini nitazibana kwenye kamba. Ishirini nitazipeleka kule yalipo mabango yako, niziache kwa wenye saluni, mtu akisukwa saa nne ana muda.

MCHORAJI: Na zikirudi?

MWALIMU: Uniambie zimerudi kutoka wapi.